Nyuma ya Mkunga

Jumatatu, 13 Januari

Nimesugua tena. Mlima Loleza umeondoka, limebaki doa la kijani lisilo na maana. Mikono inanuka tapentaini hadi chai inanuka tapentaini.

Mama Veneranda mwenyewe amekamilika tangu kabla ya Krismasi. Uso upo. Kitambaa cheupe cha kichwa kipo. Mikono ipo, na mikono ndiyo ninayojivunia. Alikaa nimchore hapa hapa Iyunga, uani, kwenye kiti cha plastiki, alipokuja Mbeya kuangaliwa macho. Ni mkunga mstaafu wa huko Igowole. Nusu ya watu wa kata yao wamepitia mikononi mwake. Sasa zahanati yao imepata wodi mpya ya wazazi, na watu wamekubaliana picha yake itundikwe humo. Mwanawe Fidelis, anayeishi Iringa mjini, ndiye msemaji wa kamati.

Daktari alimwambia wazi. Presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linafuata na hakuna wa kulirudisha. Kwa hiyo picha iwahi, na yeye aione.

Na mimi nimekwama kwenye kitu kilicho nyuma yake. Kitu ambacho hakuna mtu atakayekitazama. Nimekasirika.

Jumatano, 15 Januari

Asubuhi mabango. Saluni ya Mwanjelwa inataka mwanamke mwenye rasta ndefu. Hayo hayanisumbui. Nyuma napaka njano, basi, mteja anafurahi.

Mchana nikarudi kwa Mama Veneranda. Leo nimeweka wodi mpya, kama Fidelis alivyotaka. Bati la bluu, ukuta mweupe, mstari wa kahawia chini. Nimefuata picha aliyonitumia kwenye simu, nimepiga mistari kwa rula. Jengo limetoka safi kabisa. Mama amegeuka mlinzi wake.

Mume wangu Hamisi amerudi gereji na grisi hadi masikioni. Akasimama mlangoni, akatazama.

"Anasubiri basi," akasema. Akaenda kuoga.

Nimemchukia mpaka magharibi. Ni kweli anasubiri basi.

Jumapili, 19 Januari

Fidelis kapiga simu. Anaongea taratibu, mtu wa heshima, lakini kila sentensi ina kamati ndani yake. Kamati inauliza, kamati ingependa. Sasa kamati ingependa mashamba ya chai.

Nikapaka chai. Kijani juu ya kijani, mistari inayopinda na vilima, ukungu kidogo kwa mbali. Nilifurahi nilipokuwa napaka. Nikasogea nyuma hatua chache nikaona nilichofanya. Ni zile picha za studio, mtu anasimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji na swala. Mama mzima na mikono yake ile, nimembandika kwenye pazia.

Nimesugua chai yote. Kanvasi imeanza kuchoka.

Jumanne, 21 Januari

Sijagusa brashi. Nimekaa nikimtazama tu.

Nimeona jambo. Hakai wima. Siku ile nilimwambia, kaa unavyopenda, mama. Akainama mbele kidogo, shingo ikaenda kushoto, viganja vikageuka juu. Nikamwambia, usijikaze, pumzika. Akasema, "Ndivyo ninavyopumzika."

Mtu aliyeinama vile anaangalia kitu. Ninachoweka nyuma yake chote ni cha mtu aliyesimama apigwe picha. Mlima umesimama. Jengo limesimama. Yeye hayupo huko.

Yuko wapi basi? Sijui. Nimemchora mtu nisiyejua yuko wapi. Inanitia hofu kidogo.

Ijumaa, 24 Januari

Nimetoka msikitini nikakuta simu ya Fidelis haikupokelewa. Nikampigia. Safari hii hakutaja kamati. Alikwenda nyumbani Igowole juzi. Mama alimmiminia chai nje ya kikombe, ikatiririka mezani, naye akaendelea kumimina.

"Dada Zuhura, fanya haraka," akasema. "Paka hata rangi moja tu."

Rangi moja tu. Nimejaribu. Nimepaka kijivu cha kawaida kuzunguka kichwa chake. Kitambaa cheupe kikafifia, uso ukawa wa pasipoti.

Nimemwambia Hamisi nakwenda Igowole. Nikamwone mimi kwa macho yangu pale anapoishi, nisimsikilize mtu wa kwenye simu. Hamisi akasema nenda, ila chukua sweta mbili.

Jumatatu, 27 Januari

Nimefika. Basi hadi Nyololo, halafu gari dogo kushuka Igowole. Mvua imetushika Makambako na haijatuachia. Udongo huku ni mwekundu hasa, unapanda hadi kwenye madirisha ya gari. Misonobari pande zote mbili. Baridi ya kweli. Sweta zote mbili nimevaa.

Mama Veneranda alikuwa kibarazani anamenya njegere. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akainua kichwa, akakigeuza geuza kama kuku anayetafuta punje, mpaka jicho la kushoto likanipata.

"Marahaba. Kamwene, mchoraji," akaongeza salamu ya Kihehe. "Umekuja na ile sura yangu?"

Nikamwambia sura imebaki Mbeya, inakauka. Akacheka. Nimekuja na vibao vidogo tu vya kujaribia.

Amemwita muuza duka mmoja Mwislamu aje kuchinja kuku, ili nile bila wasiwasi. Amenitandikia mkeka mpya chumbani, akaniuliza naelekea wapi nikisali, akasogeza kabati mwenyewe kwa bega. Sikutegemea. Picha ya Bikira Maria ukutani, na mimi chini yake nasujudu upande mwingine. Nimelala nimeshiba na nimetulia moyoni.

Jumanne, 28 Januari

Tumetembea. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma nateleza. Njia anazijua kwa nyayo. Mimi mwenye macho mawili nimeanguka, yeye hakuteleza hata mara moja.

Kila mtu anamsalimia, na yeye anauliza nani. Mpasua mbao mmoja, mabega kama mlango, akavua kofia.

"Ni mimi, mama. Kasto."

"Ah. Wewe ulitanguliza miguu."

Jitu zima likaona haya, likatazama viatu vyake. Tukaendelea. Mwalimu wa shule ya msingi alizaliwa na nywele hadi mabegani. Mama mmoja mwenye genge la nyanya alizaliwa ndani ya mfuko wa maji ya uzazi, haujapasuka, na wazee walitaka kuukausha na kuuficha. Yeye hamkumbuki mtu kwa sura. Anamkumbuka kwa alivyokuja.

Nilijihisi niko na mtu aliyesimama kwenye lango fulani maisha yake yote, akatuona sote tukiingia, sisi ndio hatukumwona. Nilibeba kikapu tu.

Picha? Hakuna. Nimechora mlango wa nyumba yake na kibaraza chake. Mlango mzuri, kibaraza kizuri. Si penyewe.

Jumatano, 29 Januari

Leo nimeona kitu ambacho sitakisahau hata nikifa.

Fidelis alikuwa amenieleza juu ya ukingo, pale milima ya Mufindi inapokatika. Nikaenda asubuhi na pikipiki. Nilipofika hakukuwa na kitu. Weupe. Sikuona hata vidole vya miguu yangu vizuri. Mwenye pikipiki akasema tusubiri. Tukakaa kwenye jiwe.

Halafu ukungu ukafunguka chini, si juu. Kama mtu ameinua shuka upande wa miguuni. Nikaona msitu, chini sana, halafu chini ya msitu bonde, halafu bonde lingine, mpaka kule kwenye tambarare ambako jua lilikuwa limeshatoka na mto unang'aa mwembamba kama uzi. Ndege walikuwa wanaruka chini yangu. Niliona migongo yao. Sijawahi kuona mgongo wa ndege anayeruka.

Nikasema subhanallah, mwenye pikipiki akavua kofia ngumu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nimepaka vibao vyote vilivyobaki. Nikasema ndiyo hii, nimeipata, ukubwa huu ndio wa mama huyu.

Nikarudi nikamwelezea. Nilieleza mpaka nikaishiwa maneno. Alikuwa ananisikiliza huku anapepeta.

"Huko watu wanasifu sana," akasema. "Mimi nimepita njia ya ukingoni miaka mingi tu, sijawahi kusimama. Nilikuwa na haraka siku zote."

Nimevipanga vibao kitandani. Ni vizuri. Ni bora kuliko vyote nilivyowahi kupaka. Ni vyangu, si vyake. Nimelia kidogo, upumbavu.

Alhamisi, 30 Januari

Niandike haraka kabla haijapoa.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Mvua kubwa, kwa kelele za bati watu hawasikilizani. Akaja mwanamke anakimbia, khanga kichwani. Neema, mke wa kijana mmoja wa bonde la pili, alikuwa anapelekwa zahanati kwa bodaboda, uchungu umemkamata. Pikipiki imezama kwenye tope pale kwenye mteremko. Wamemwingiza jiko la Mama Lusia, nyumba ya jirani. Nesi wa zahanati amepigiwa simu, anakuja kwa miguu, yuko mbali. Na mtoto hasubiri.

Mama Veneranda alishasimama kabla yule hajamaliza. Akanawa mikono hadi viwiko, kwa sabuni, polepole, kama hakuna haraka yoyote duniani. Halafu akaniambia, "Njoo."

Nikasema mimi sijui chochote, mama.

"Una macho. Njoo."

Jiko ni la kuni, la udongo, limejitenga na nyumba. Mlango mmoja, dirisha hakuna. Nje mchana, ndani jioni. Moto ulikuwa kwenye mafiga upande wa kushoto. Neema alikuwa kwenye mkeka, ameshika mguu wa benchi kwa mikono yote miwili. Mkoba wake wa zahanati ulikuwa mkavu, Mungu saidia, na ndani yake glovu, pamba, uzi na wembe mpya.

Mama Veneranda akapiga magoti. Akaweka viganja. Akafumba macho yote mawili, hata lile linaloona kidogo, kana kwamba linamsumbua. Alikuwa anaongea na Neema kwa Kihehe, chini chini, sauti ileile moja, kama mtu anayesimulia safari. Sielewi Kihehe, lakini hata mimi nilitulia.

Sijui ilichukua muda gani. Kichwa kikatoka. Nikaona vidole vyake vinasita, vinaingia shingoni, vinarudi. "Kitovu kimemzunguka," akasema. Akakiinua kwa kidole kimoja kama anavua mkufu. Halafu mtoto mzima akaja kwa mkupuo, mikononi mwake.

Na kimya.

Mvua juu, na chini kimya. Mtoto alining'inia. Mama Lusia akaanza kuomba Salamu Maria. Mama Veneranda akamkausha kwa khanga, akamfuta kinywa, akamsugua mgongo. Halafu akageuza uso kuelekea kwangu.

"Zuhura. Ana rangi gani?"

Nikasema, mama, halii, sidhani kama...

"Usiniambie mzima au mfu. Wewe ni mtu wa rangi. Niambie rangi."

Nikasogea. Nikatazama kama ninavyotazama kitu ninachotaka kukipaka.

"Kijivu. Kijivu cha majivu yaliyolowa. Midomo zambarau. Viganja vya bluu."

"Kifua?"

"Kijivu hichohicho."

Akainama, akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mtoto, akapuliza. Pumzi ndogo tu, kama za kupoza uji. Mara chache, akaacha, akasugua.

"Sasa?"

"Bado. Ngoja. Kifua. Katikati ya kifua kuna kahawia. Kahawia yenye joto."

"Inaenea au imekaa?"

"Inaenea."

Ilikuwa inaenea. Niliiona. Ilianzia katikati ikapanda shingoni, ikateremka tumboni, kama rangi inapodondoka kwenye karatasi iliyolowa. Kijivu kilikuwa kinarudi nyuma mbele yake. Nilikuwa natangaza, sijui nilikuwa napiga kelele, tumbo jekundu, shavu jekundu, midomo, mama, midomo inabadilika. Na hapo mtoto akakunja uso wote, akalia.

Nimechanganya rangi tangu niko msichana. Sikuwahi kujua rangi ni nini. Leo nimeiona ikiingia mahali ambapo haikuwepo.

Mama Veneranda alikuwa bado amepiga magoti. Ameinama mbele kidogo. Shingo imeelekea kushoto, kwenye moto. Viganja juu, na mtoto juu ya viganja.

Nikainua macho, nikaona kilichoko nyuma yake.

Masizi. Ukuta wote, hadi kwenye fito za paa, masizi ya miaka na miaka. Si weusi mmoja. Pale moto unapofika ni kahawia inayong'aa kama mafuta. Pale mwanga wa mlango unapogusa ni bluu. Kwenye kona ni weusi usio na mwisho. Na yeye alikuwa anatoka humo, kitambaa, shavu moja, mikono. Mtoto alikuwa anatoka humo.

Nesi alifika amelowa chapachapa. Hakupoteza muda, akaichukua kazi yake. Mama Veneranda akaomba maji ya kunawa.

Mtoto wa kike. Mzito. Hajambo.

Ijumaa, 31 Januari

Nimekwenda kwa Mama Lusia na kopo tupu la maziwa ya unga. Nikamwomba masizi. Akadhani hajanisikia. Nikarudia. Akacheka mpaka akakaa chini, akaita majirani waje wamwone mtu wa Mbeya aliyekuja kuomba uchafu. Halafu wakanisaidia kukwangua wote, kwa visu na vijiko. Kopo limejaa. Masizi ni mepesi mno, ukifungua yanapumua.

Mama Veneranda hakuuliza ni ya nini. Alikuwa amechoka, amelala mchana. Nikaondoka bila kumwamsha.

Jumatano, 5 Februari

Iyunga. Nyumba nzima masizi. Kwenye pazia, kwenye sukari. Hamisi amesema yeye ndiye fundi gereji lakini mke ndiye mchafu.

Nimeyasaga na mafuta ya rangi kwenye kioo. Weusi wa dukani umekufa, unafunika tu. Huu unaacha kitu chini yake kiendelee kuishi. Nimepaka nyembamba, nikasubiri, nikapaka tena. Bluu kidogo upande wa mlango. Kahawia upande wa moto. Moto wenyewe sikuuchora. Mtoto sikumchora. Viganja vyake vimebaki vitupu kama alivyokaa siku ile uani.

Kijivu cha nyuma kikamezwa. Mara kitambaa kikawaka. Sikukigusa, hata tone. Kimewaka chenyewe.

Nimeogopa kuendelea. Nimeogopa kuacha.

Hamisi kasimama mlangoni muda mrefu leo. Akaenda kuoga.

Jumatatu, 10 Februari

Fidelis amepita akielekea Tunduma kikazi. Ameiona picha. Siwezi kusema alifurahi.

Akasema hili ni jiko. Nikasema ndiyo. Akasema, "Dada Zuhura, tumehangaika na wodi hii ili wanawake watoke majikoni. Halafu ukutani tunawawekea jiko?"

Ana haki. Nilikuwa ndani ya lile jiko. Nisingependa binti yangu azalie pale. Kama nesi angekuwepo na vifaa vyake nisingetangaza rangi ya mtoto kama mnadani.

Nikamwambia, sikuchora pa kuzalia. Nimechora alikokuwa. Wakati hakukuwa na wodi, alikuwa wapi?

Akatazama tena. Akasema akiwa mdogo alikuwa anaachwa nje ya majiko ya namna hiyo, anamsubiri mama yake, anaona moshi unatoka kwenye majani ya paa. Hakuwahi kuingia. Kisha akasema kamati haitakubali, kwamba nirudishe jengo, bati la bluu, hata likiwa dogo kwa mbali.

Nimesema sirudishi. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Ni mteja. Ni mtu mwema. Nimesema sirudishi.

Tumeafikiana jambo moja. Mama mwenyewe aione kwanza. Akisema jengo, nitapaka jengo.

Alhamisi, 13 Februari

Sijalala vizuri. Nimewaza kwamba akisema jengo itabidi nipake jengo, niliahidi. Nimewaza pia kwamba labda haoni tena, na yote haya ni makelele ya watu wenye macho.

Nimeifunga picha kwenye blanketi kwa kamba.

Jumamosi, 15 Februari

Igowole. Hakuna mvua leo. Nimesafiri nimeikumbatia kama mgonjwa.

Fidelis alinipokea. Wodi inanuka rangi mpya na dawa. Vitanda bado vitupu, vina nailoni. Tukaitundika ukutani kwanza, mimi na yeye na nesi, kabla mama hajaja. Wajumbe wawili wa kamati walikuwepo. Waliangalia picha, wakaangaliana, wakakohoa.

Mama Veneranda akaletwa, Fidelis amemshika mkono. Jicho limepungua sana tangu niondoke. Amegonga fremu ya mlango na bega. Fidelis akaanza kumweleza, mama, hii picha, kamati ilikuwa na mawazo. Akainua kiganja, mwanawe akanyamaza.

Akakigeuza kichwa, akatafuta. Dirisha, ukuta, dirisha. Akaipita picha, akaenda mbali nayo. Akarudi. Akasimama.

"Pale kuna kitambaa," akasema.

Akasogea. Akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa. Alianza juu akashuka polepole sana, jicho moja, kama mtu anayesoma kwa kidole.

"Mikono ile."

Tukasogea wote. Wajumbe pia.

"Moto uko kushoto."

Hakuna moto kwenye ile picha.

Alikaa hapo mbele yake. Nilidhani atasema jiko la nani, au atauliza kwa nini sikuweka wodi. Hakuuliza. Alisema, si kwa ajili yetu, kama anajisemea:

"Kumbe nilikuwa hivi."

Majikoni hakukuwa na kioo. Sikuwahi kulifikiria hilo. Wote wale aliowapokea, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Akaomba kiti. Fidelis akamletea. Mjumbe mmoja akataka kusema, Fidelis akatikisa kichwa. Akamwuliza nesi kama msumari ni imara. Nesi akasema ni imara. "Basi ibaki hapo hapo," Fidelis akasema, na sauti yake haikuwa sawa, akatoka haraka.

Tukatoka na sisi, mmoja mmoja. Yeye akabaki kwenye kiti.

Nje wanawake wajawazito walikuwa kwenye benchi wanasubiri kliniki. Mmoja amesinzia, miguu juu ya mkoba. Wakanisogezea nafasi. Jua lilikuwa limeshika misonobari, udongo unatoa mvuke. Nikakaa nao.